Mbao za Baba Niligeuza Boksi ya Besi

Makosa ni yangu. Msimsingizie shetani, siku hiyo hakuwa Sirisia. Nilikuwa peke yangu, nimeshiba chai ya baba yangu, nikapanda darini kwake nikamuibia.

Naandikia hapa kwa sababu nikiwaambia marafiki zangu wa Kitale watacheka. Wakicheka nitacheka pia, na hii si kitu ya mimi kuchekea.

Niko na gari mzee aina ya Probox, nasambaza mayai nayo kwa maduka ya Kitale. Ndiyo, mayai. Mtu wa mayai akiamua kuweka besi ya kutetemesha vioo, ujue akili ilishahama, mwili ndio umebaki kulipa kodi.

Shida ilianzia pale tunaoshea magari. Jumapili vijana hufungua buti na kushindana muziki. Mimi na miaka yangu thelathini na nne, baba ya watoto wawili, nikashikwa na wivu kama mtoto wa chekechea. Nikanunua sabufa mbili na amplifaya, nikaanza kujenga nyuma ya nyumba.

Boksi ya kwanza nilitengeneza na plaiwudi. Ikakoroma. Kila besi ikigonga, boksi inatetemeka kama mgonjwa wa malaria. Jirani yangu, fundi wa vitanda, akaja akasikiliza mikono ikiwa mfukoni.

"Bana, hii kitu inataka mbao nzito," akaniambia. "Nzito, kavu, haina ufa. Ya duka bado iko na maji ndani."

Hapo ndipo nikakumbuka mbao za mzee.

Nyumbani kwetu Sirisia, juu kabisa chini ya mabati, kulikuwa na mbao za mvule zimefunikwa na magunia. Ziko hapo tangu nikiwa sekondari. Sijawahi kuuliza ni za nini. Mzee ni mtu wa kuweka vitu, hata misumari iliyopinda anaweka. Nikajiambia amezisahau.

Nilienda siku yake ya kliniki ya presha. Alikuwa ameenda Lugulu, lakini aliniachia chai kwa thamosi na ndizi za kuchemsha, na kwa simu akasema, "Kula, jisikie nyumbani." Nikakula. Nikajisikia nyumbani mpaka nikapanda darini.

Sikumpigia kumuuliza. Ati nitamwambia baadaye. Hiyo baadaye mnaijua.

Yule fundi alipoona mbao aliacha kazi yake. Akaipapasa, akaigonga na kidole. "Hii mtu alikuwa ameiweka," akasema.

"Wewe nikopeshe tu msumeno," nikamjibu. Nikakata mwenyewe. Nikatoboa mashimo mawili ya spika, mviringo safi, nikapaka vanishi ndio ile kahawia ya mvule ionekane. Nisidanganye, boksi ilikuwa nzuri. Na ililia! Sahani za mama watoto zilishuka kabatini zenyewe. Akaniuliza kama sasa nimeoa spika, yeye arudi kwao. Mayai nikaanza kuyafunga kwa mablanketi, na bado trei moja ilikuwa inafika kwa mteja ikiwa tayari kukaangwa. Sikujali. Pale kwa kuosha magari walikuwa wananiita mkubwa.

Kama ningeishia hapo mzee hangejua mapema. Lakini mimi ni mjinga wa kujionyesha. Jumamosi moja nikaipeleka Sirisia.

Niliingia bomani wimbo ukiwa juu, tena wimbo wa kusifu kiuno cha mtu. Kuku wakakimbia, mbuzi akakata kamba. Mzee akatoka nje na kofia yake ya kanisa. Nikafungua buti kwa madaha, nikisubiri asifu kazi ya mtoto wake.

Alikuja mpaka kwa buti. Aliinama, akaweka kiganja juu ya boksi, akakipitisha polepole mpaka mwisho wa ubao.

"Zima," akasema. Nikazima.

"Hii mbao ni ya wapi?"

"Nilinunua Kitale, baba."

Nilimwangalia machoni nikamdanganya, jamani. Mtu ambaye, nilikuja kuambiwa baadaye, aliupasua mti wa hizo mbao kwa mikono yake, msumeno wa watu wawili, yeye juu ya shimo, ndugu yake chini, siku nne. Mzee aliniacha hapo kwa gari. Aliingia ndani, nikasikia ngazi ikiegemezwa ukutani. Akakaa huko muda mrefu. Alipotoka aliketi kwa kiti chake mlangoni, akavua kofia.

"Mama yako alizikwa ndani ya nusu ya huo mti," akasema. "Wewe ulikuwa mtoto wa shule, ulikuwa unalia, hukuangalia sanduku. Hiyo nusu ingine ilikuwa yangu. Nilitaka tulale ndani ya mti mmoja."

Mimi nikakaa chini hapo hapo kwa mavumbi, na suruali yangu nyeupe.

"Sasa umenitobolea madirisha mawili," akaongeza. "Ulitaka nikiwa huko chini nichungulie nani?"

Nilicheka. Mungu anisamehe, ilinitoka tu. Halafu nikalia mpaka jirani wa mzee akaja kuuliza ni nani amekufa.

Jumatatu nikafungua skrubu zote, nikapeleka vipande kwa seremala wa Sirisia, nikamwomba aviunganishe. Alivipanga chini, akavipima, akakuna kichwa. "Hapa unaweza kuzika sungura," akasema. "Tena sungura mdogo."

Tangu hapo mzee haongei na mimi kwa simu. Anampigia mama watoto. "Mwambie huyo wa disko dawa zangu zinaisha." Nampelekea dawa, ananikaribisha vizuri, ananipa chai, lakini haniachi ndani ya nyumba peke yangu. Akitoka kwenda chooni, anafunga mlango na mimi nasimama nje, mtoto wake wa kuzaa. Hiyo inaniuma kuliko angenichapa.

Wewe unayesoma hii na uko na mzee nyumbani, usiguse kitu chake ati kwa sababu kimekaa sana. Uliza. Hata kama ni gunia tupu, uliza. Na kama unataka kelele, nunua mbao zako.

Wiki iliyopita alinipeleka mwenyewe darini. Zile mbili nilizoacha, kwa sababu zilikuwa ndefu hazikuingia kwa gari, bado zilikuwa hapo. Tukazishusha pamoja, akanifanya nishike upande mmoja, yeye mwingine, tukazipima na kamba ya urefu wake, kutoka kichwani mpaka kisiginoni.

"Hizi zinatosha upande mmoja tu wa sanduku langu," akasema. "Kwingine kote utaweka mbao ya duka, sina neno. Lakini hizi uziweke upande unaoangalia kaburi la mama yako."

Nikasema, "Ndiyo, baba."

"Rudia nisikie."

Nikarudia.