Kata ya Bi Edna

Mwanangu, kuna asubuhi moja naikumbuka kuliko hata ile niliyotua Heathrow. Nilikuwa msichana, nimeanza kazi ya kutunza wazee huku Hounslow, na mafunzo nimeyamaliza juzi tu. Unawajua waliohitimu juzi: haambiliki mtu.

Mzee wangu wa kwanza aliitwa Bi Edna, Mmarekani aliyeolewa na Mwingereza akazeekea hapa. Kila nikimwosha, alianza kwa mdomo safari ya kwao. Alianzia darajani, akapanda hadi kwa Wanorwei wenye kinu cha ngano, akapita shule ya chumba kimoja, akazunguka makaburi. Kwao kulikuwa kata ndogo ya mashambani, imepimwa mraba, barabara zote zimenyooka isipokuwa moja iliyopinda kukwepa kinamasi. Reli ilipojengwa ikapita mbali nao, watu walingoja mto ugande, wakaliburuta kanisa zima kwa farasi juu ya barafu kuifuata. Wenyeji wa kwanza wa ardhi ile walikuwa wamefukuzwa zamani, likabaki jina lao kwenye kijito. Hapo sauti yake ilishuka kidogo.

Mimi nilifundishwa kwamba mzee akipotelea zamani, umrudishe leo. Nikamrudisha.

"Mama, tuko Hounslow. Leo ni Jumanne. Hizo ndege unasikia ni za Heathrow."

Akaninyang'anya taulo. "Najua niko Hounslow, hizo ndege haziniachi nisahau. Mimi nawapitia watu wangu. Nisipowapitia, nani atawapitia? Haya, nitembeze kwenu."

Kwetu ni Taita, mlimani. Nikavuka kijito, nikataja nyumba ya shangazi, nikafika kanisani, nikakwama. Mlimani juu ya kanisa kuna nani? Sikujua.

"Wewe umetoka kwenu juzi," akasema. "Mimi nilitoka kabla mama yako hajazaliwa. Baba yako yu hai?"

"Yu hai."

"Basi unangoja nini?"

Maneno hayo yaliniuma, kwa sababu tangu mama afariki, mimi na baba tulikuwa hatuna mazungumzo. Mko salama? Tuko salama. Mvua? Imenyesha. Haya, Mungu akubariki. Nilikuwa nampoteza baba yangu naye yu hai, na nilimpenda sana.

Jumapili nikampigia. "Baba, nitembeze nyumbani. Anzia kijitoni." Akaanza, na mzee yule mkavu wa maneno akasema hadi chai yangu ikapoa. Jumapili iliyofuata tukaendelea tulipoishia. Nikajua kwa nini babu yake alihamisha boma baada ya maporomoko. Nikajua kwamba juu ya kanisa, pale nilipokwama, kuna chemchemi, na hapo ndipo alipomwona mama yangu mara ya kwanza, amebeba mtungi na anamcheka. Nililia, mwanangu, kwa furaha. Jumatatu Bi Edna aliniuliza, "Mmefika wapi?" Nikamweleza yote, naye akafurahi kama aliyehudhuria.

Wazee wengi hapa London huwatupia vijana ile ya mkataa kwao mtumwa. Mimi sikutupii. Wewe hukukataa kwenu, hukutembezwa tu, na kosa hilo ni letu. Ila shika hili: mtafute mzee mmoja wa kwenu, umwambie akutembeze nyumba kwa nyumba, na usimharakishe. Usimuulize tu kama yu mzima.

Siku hizi babu yako hunipitisha nyumba moja mara mbili. Simsahihishi, naingia tena. Jumapili hii simu nitakupa wewe. Kiswahili kikikukatikia, changanya na Kiingereza chako, atakungoja.

Mungu akupe masikio yenye subira, akuzeeshe salama, na siku hiyo ikifika, akupe mtu wa kukuambia: nitembeze.