Chatu Aliyelala Njiani Karungu

Nilipokuwa mtoto wa miaka tisa hivi, Uhuru ukiwa bado mpya, baba alinitoa Nakuru tukaenda Karungu kwenye matanga ya rafiki yake. Mama alifariki nikiwa bado nanyonya, na nyumbani hatukuwa na picha yake hata moja. Lakini mdogo wake alikuwa ameolewa kijiji cha mbele, huko huko kando ya ziwa, na waliowajua walisema walifanana kama pacha. Nilitaka kuuona uso huo. Baba alinipa siku moja tu. Kesho yake tulikuwa tunarudi.

Nilisindikizwa na Atieno, msichana wa rika langu katika boma tulikofikia, na dada yake mkubwa, Akinyi. Waliongea nami Kiswahili kwa sababu Kijaluo changu kilikuwa cha kubahatisha. Tulifuata ufuko, matete upande mmoja, mtama uliokauka kwa kukosa mvua upande wa pili, hadi njia ilipobana. Hapo alilala chatu, amejiviringa, ametulia kabisa.

Akinyi alitushika mikono. "Huyo ni mgeni," alisema polepole. "Ameleta mvua. Hatumruki, hatumfukuzi."

"Basi tuzunguke, tupitie shambani," nilisema.

"Ukimzunguka, msiba unakufuata mpaka huko unaenda. Nitamwambia baba yako nini?"

Tuliketi kumngoja aondoke. Kutoka pale niliona moshi wa kijiji cha mama mdogo, karibu kiasi cha kusikia jogoo wao. Jua lilipita utosini, chatu hata hakujitikisa. Nililia kwa hasira mpaka sauti ikakauka. Mwishowe Akinyi akainuka, akasema turudi.

Jioni ile mvua ikanyesha. Wanawake walitoka nje wakipiga vigelegele, na mama yake Atieno akaniambia, "Umeona sasa?", kana kwamba nimepewa zawadi. Sikula. Asubuhi tulipanda lori kwenye matope.

Niliporudi Karungu nilikuwa mtu mzima, tayari nina watoto wangu. Mama mdogo alikuwa ameshazikwa, naye hakuacha picha. Wanawe walisema alikuwa akiniulizia.

Akinyi hakunidanganya. Mvua ilikuja, mtama ukashika tena, watu wakala. Tena aliniogopea mimi, wala si nafsi yake. Yote hayo nayajua, na nimeyarudia miaka mingi nikitafuta humo faraja, sijaipata. Hata leo mtu akiniambia mvua ni baraka, naitikia tu, nabadilisha mazungumzo.