Kidari cha Fahali Mweusi

Mnaniuliza mimi tena, kana kwamba kanisa zima halikuwepo. Haya, nitasema, na anayejua zaidi asinikatize.

Ludie Tolliver ni mjane wa Cephas, yule aliyeshika moto wa kuchomea nyama wa kanisa letu kila sherehe ya Uhuru wa watumwa wa Texas, mwezi wa Juni. Cephas alipofariki, Shemasi Obadiah alitaka ufunguo wa tanuri apewe mpwa wake. Ludie akakataa katakata. Moto ule ndio kitu pekee cha mumewe kilichobaki na joto. Wazee wakamwambia, sawa, pika mwaka huu tuone.

Akaenda duka kubwa la mjini. Akachukua kidari cha ng'ombe, akakilaza juu ya kiganja kama alivyofanya Cephas, aone kama ncha zitaning'inia, dalili ya nyama laini. Wapi! Kilikaa kigumu kama ubao. Lakini juu ya pakiti palichorwa fahali mweusi, na jina Angus, ng'ombe wanaosifiwa sana, kwa herufi za dhahabu.

"Baba, hiki kizuri?" akamuuliza muuzaji.

"Mama, si unaona ni Angus?"

Akaona haya kuuliza zaidi. Akabeba vidari vya pakiti hizo hizo, hakugeuza hata kimoja. Ubavuni pa kila pakiti palikuwa na muhuri mdogo: daraja la chini. Jina linakwambia ukoo wa ng'ombe tu. Muhuri ndio unaokwambia kama mafuta yamepenya ndani ya nyama. Na Angus naye hukonda.

Akavipika kwa kuni za mwaloni, moto mdogo, bila pupa. Ukoko ukatoka mweusi, wa kupendeza. Kisu kilipopita, nyama ikakatika kavu kama makapi matupu.

Shemasi Obadiah akatafuna, akatafuna, mpaka watu wakamtazama.

"Dada Ludie, leta mchuzi. Hii nyama haijabatizwa."

Vicheko meza nzima! Na hapa Texas, anayeomba mchuzi wa kumwagia kidari amekwisha kumtukana mpishi. Chupa ikapita mkono kwa mkono, Ludie akiifuata kwa macho.

"Shemasi, kosa nililifanya dukani. Moto wangu haukukosea."

"Moto hauliwi, dada. Tunakula nyama."

"Hata Cephas alikausha nyama mwaka ule wa mvua. Mbona wewe mwenyewe uliomba uongezwe?"

Obadiah akanyoosha mkono apewe ufunguo. Ludie akaivua kamba yake shingoni, akampa. Tangu siku hiyo hapiti karibu na tanuri. Akija ibadani huzunguka kwa nyuma, kupitia makaburini.

Jumapili wanapiga kura nani aushike moto. Sasa wewe uliyenichokonoa niseme, nilikuona ukiipokea ile chupa na kucheka. Njoo ukae mbele, na wakiuliza nani anamtaka Ludie, uinue mkono wako juu, Obadiah auone.