Zamu ya Mapapai

Kambini kwetu, nje kidogo ya Kasese, palikuwa na mkuyu mkubwa mbele ya ofisi ya afande. Kuyu zikiiva, ndege walijaa humo mpaka hatusikiani: ninga, shore, na hondohondo waliolea makinda kwenye tundu la shina. Walikula humo, wakalala humo, wakanya humo. Hapo kwenye kunya ndipo kesi ilipoanzia, maana afande aliegesha gari lake kivulini.

Mtu mwingine angesogeza gari. Afande wetu alisogeza mti. "Hii muti iko na uchafu! Kata!" Askari wakajibu, "Ndiyo, afande," mti ukalala. Kisiki wakakipaka chokaa, kwa kuwa kambini kila kisichotembea hupakwa chokaa. Wakapanda mikalitusi, mistari imenyooka kama gwaride, na mpaka leo sijaona ndege aliyeshiba humo.

Sasa ndege wenye njaa wafanyeje, waombe ruhusa? Walihamia nyuma ya nyumba ya afande, kwenye mapapai anayojisifia kwa kila mgeni. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole, nami sikumwambia. Nilicheka mpaka nikashika mbavu.

Kicheko kilinikauka alipoweka mlinzi. Nani? Mume wangu! Bunduki ikabaki stoo, akapewa manati. Na likizo yake ya kwenda Arua kumwozesha binti yetu je?

Nilikwenda mwenyewe kuomba. "Afande, mtoto huozwa na baba yake."

"Mama, na papai nani atachunga? Simu si iko?"

Basi siku ya nikaha mimi nilikuwa Arua, mume wangu yuko chini ya mipapai. Shehe akauliza walii yuko wapi, tukaiweka simu kwenye spika. Baba mtu akampa ndugu yake uwakili wa kumwozesha mtoto, na katikati ya maneno tukasikia manati ikifyatuka, naye akifoka, "Shii! Toka!" Wageni wakaangua kicheko. Binti yangu alijifunika mtandio usoni akalia. Niliumia, wallahi.

Niliporudi nikakuta afande ametuma zawadi ya harusi: papai moja, upande mmoja limedonolewa. Nikalibeba hadi kwenye kisiki cha mkuyu, mchana kweupe, mbele ya dirisha lake. Nikalipasua, nikaliacha juu ya chokaa. Wenyewe wakashuka kula.