Nguo ya Msichana Aliyeposwa na Zimwi

Binti yangu alipochaguliwa kuwa msichana anayeposwa na zimwi katika mchezo wa shule, mwalimu wake alituandikia kwamba mavazi yawe ya kale, ya kabla ya vitambaa kufika huku. Mzazi mwenye akili angekodi. Mimi nilisoma historia chuo kikuu, kwa hiyo nikasema nitashona. Mke wangu alinitazama kama mtu anayesikia kwamba nimeacha sukari tena.

Nilinunua ngozi mbili za mbuzi kwa fundi wa ngoma hapa Embu. Alinieleza kwamba ngozi ya ngoma hutakiwa ikaze, na ya nguo ilegee. Nikamjibu kuwa najua. Sikujua. Nilipozifikisha nyumbani zilisimama zenyewe ukutani kama milango. Nikasoma kwamba wazee walizilainisha kwa mafuta ya mbarika, nikaenda duka la dawa kuomba chupa sita. Muuzaji aliniuliza kwa upole tumbo limefunga tangu lini.

Wiki mbili nilikaa barazani nikisugua, kisha nikashona kwa sindano ya gunia, nikiiga picha katika kitabu changu cha chuoni: mwanamke amesimama mbele ya nyumba ya nyasi, sketi yake ya ngozi ina mikia miwili nyuma. Nilijivunia sana ile mikia.

Binti yangu hakujali mikia. Alitaka kitu kimoja tu, shosho yake, yaani mama yangu, aje kumtazama. Hadithi yenyewe aliipata kwake, likizo moja kule Kianjokoma, wakichambua maharagwe. Tena mtoto ana jina lake, kama desturi yetu inavyotaka, na wao wawili huitana wajina.

Lakini mama aliposikia kwenye simu kwamba mtoto atavaa ngozi, alisema atatuombea. Kuja, hapana. Mama yake mwenyewe aliivua ngozi siku ya kubatizwa akapewa gauni, na tangu hapo nyumbani kwao ngozi ilikuwa kitu cha gizani. Hakuwa tayari kumwona mtu mwenye jina lake akivishwa kile mama yake alichovua.

Binti yangu alikuwa karibu, akasikia yote. Hakulia. Aliniuliza tu kama bado kuna nafasi ya kuwa mti, kwa sababu mti unavaa shuka la kijani.

Jumamosi nikatia nguo kwenye gunia, tukapanda hadi kwa mama, Kianjokoma. Nilikuwa nimeandaa hotuba kuhusu urithi, yenye sehemu tatu. Mama alitupa chai, akaongea juu ya majani chai na mvua, gunia hakuliulizia. Mwishowe nilimvisha mtoto palepale sebuleni, nikakohoa ili nianze.

Mama aliweka kikombe chini. Akamshika mtoto bega, akamgeuza polepole, akatazama nyuma ya sketi. Halafu akanitazama mimi.

"Baba," akasema. Huniita hivyo kwa kuwa nina jina la babake. "Hii umemshonea nani?"

"Msichana."

"Hii ni ya mwanamke aliyeolewa. Mikia miwili ni ya mwenye boma lake. Sasa zimwi linakuja kuposa mke wa mtu?"

Binti yangu alicheka hadi akakaa sakafuni. Nilijaribu kujitetea kwamba kitabu kilionyesha hivyo.

"Hicho kitabu kiliwahi kuwa msichana?"

Hotuba yangu, sehemu zote tatu, iliishia hapo. Mama akaagiza wembe na uzi. Mishono niliyoihangaikia siku nyingi aliifumua kabla chai yangu haijapoa, huku akiuliza kama nilishona nikiwa nimefumba macho. Akaikata mikia, akanionyesha jinsi kipande cha msichana kinavyofungwa kiunoni, kifupi, na kingine kinavyopita begani. Alijuaje, sikuuliza. Dada yake mkubwa alizivaa, nadhani.

Katikati ya kazi alisita. Aliinua kipande kimoja usoni, akakinusa, akakaa nacho.

"Umepaka mbarika."

Nikasema ndiyo, na nikamweleza habari ya duka la dawa. Hakucheka.

Akasema, akiiangalia ngozi, kwamba hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya mapaja ya mama yake, aliyolalia akiwa mdogo. Siku ile ya ubatizo mama yake alirudi nyumbani na gauni jipya, ananukia sabuni, akamnyooshea mikono. Yeye akapiga mayowe, akakataa kubebwa, akajificha nyuma ya ghala.

"Nilifikiri wamenibadilishia mama," akasema.

Mimi mwanawe, mwenye digrii mbili za mambo ya kale, nilikuwa sijawahi kusikia hayo.  Kisha mama akatia uzi kwenye sindano mwenyewe, bila miwani, kwa kujaribu mara nyingi, na hakuna aliyethubutu kumsaidia.

Binti yangu, kwa Kiembu chake cha kuokota, akamuuliza kama sasa atakuja.

"Simama wima, wajina," mama alimjibu, amepiga magoti nyuma yake, pindo mkononi. Akashona mishono mitatu, minne, akakata uzi kwa meno. Kisha akaniambia, bila kuniangalia, "Mwambie huyo mwalimu aniwekee kiti cha mbele. Huko nyuma sitaona kama imekaa vizuri."