Mkono wa Kinyozi

Kinyozi wetu wa Tunduma, nawaambieni, hana haraka. Akimaliza ndevu za shavu la pili, za shavu la kwanza zimeshaota. Hutembea kwa hatua fupifupi, na hata umchekeshe vipi, uso wake hutulia kama wa picha ya kitambulisho. Mkono wake wa kulia ukipumzika pajani hucheza wenyewe. Ukishika wembe, hutulia. Daktari alisema inayomfanyia hivyo ni dawa yake ya kifafa, asiiache ghafla, arudi mwisho wa mwezi abadilishiwe. Lakini madereva wa malori wakiuona tu mkono ule, wanahamia kwa jirani.

Jumamosi moja aliketi Rabson, bwana harusi wa siku hiyo.

“Mjomba, leo ruka hivyo vidonge. Nitaingiaje kanisani na sikio moja?”

Kinyozi akatoa kidonge, akakimeza mbele yake, akashushia chai.

“Nisipomeza, naweza kuanguka wembe ukiwa shingoni kwako,” akasema kwa sauti ndogo. “Chagua mwenyewe, bwana harusi.”

Rabson akautazama mlango, akatutazama sisi wa kwenye benchi, kisha akafumba macho na kuinua kidevu.

Tukazima redio.