Dagaa wa Jumamosi

Mama Bonifasi hajui kukaa. Nasema hivyo nikimpenda, maana nimesali naye benchi moja huko Buzebazeba tangu nywele zetu zikiwa nyeusi, na mwaloni Katonga, boti za uvuvi zinakoshusha, tunaanika dagaa jirani. Ukimkaribisha kiti, atakifuta kwanza. Akishakifuta ataona kikombe kichafu mezani kwako, na akimaliza kukiosha ataaga. Jina lake ni Esther, ila wavuvi humwita Mama Sabato, naye hakasiriki, amelichukua kama cheo.

Alizaliwa vijijini Kasulu, akaolewa Rusimbi na mwanamume aliyekunywa mpaka nyumba nzima ikasahau siku. Kwao Jumatatu na Jumapili vilikuwa kitu kimoja, kelele zilezile na njaa ileile. Mume alipokwenda Mpanda asirudi, watu wa kikanisa chetu kidogo cha watunza Sabato ndio waliomfuata na unga, na baada ya unga wakamfundisha amri. Yeye alizishika kama mtu anayezama anavyoshika ukingo wa mtumbwi. Simlaumu. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na kitu kinachomwambia leo ni siku gani na afanye nini.

Shida ni kwamba hakuwahi kulegeza mkono. Ijumaa yake ni vita. Achote maji ya kesho, apike maharage, apige pasi, ang'arishe viatu, aanue dagaa na kuwafunika, na jua likigusa milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa awe ameshaoga na kuketi. Halafu siku yenyewe ya kupumzika anaipitisha akijichunguza kama kuna alichovunja. Nimemwona akisita kung'oa uzi uliochomoza kwenye sketi yake, asije akawa ameshona. Mimi namtunzia Mungu Sabato yake vizuri tu, lakini sketi sijawahi kuifikiria kiasi hicho.

Mwaka jana masika, dagaa waliadimika kwa ajili ya mbalamwezi, kwa kuwa wavuvi wa taa hawatoki mwezi ukiwa mpevu. Giza liliporudi, boti ziliingia zimejaa, na siku yenyewe ikawa Ijumaa. Mama Bonifasi hanunui Ijumaa. Ila mteja wake wa Tabora alikuwa amemwambia wazi kwamba asipopata mzigo safari hiyo angehamia kwa mwingine, na hana mteja mwingine wa maana. Akatia mtaji wake wote; mimi sikununua siku hiyo. Jua likatoka kidogo, likajificha. Jioni dagaa walikuwa bado wabichi, na dagaa mbichi ukimfunika anavunda. Akawaacha wazi kwenye chanja zake za kuanikia, akanieleza tukipanda kwenda nyumbani kwamba Mungu hawezi kumwaibisha mtu anayetunza siku yake.

Kesho yake, katikati ya somo, mvua ikashuka. Bati la kanisa lilipiga kelele mpaka Mchungaji Samson akanyamaza. Mama Bonifasi alinishika mkono akanifinya, macho mbele, na nilijua kabisa kwamba hayupo pale. Moyoni alikuwa mwaloni akianua dagaa mmoja mmoja. Nilimnong'oneza aende. Akatikisa kichwa. Baada ya ibada hakushuka hata kutazama, akisema kutazama mali ni nusu ya kuifanyia kazi. Alizunguka nje ya kanisa mpaka jioni, akipanga mawe ya njia kwa ncha ya kiatu.

Jumapili asubuhi nilimsindikiza. Chanja zilikuwa tupu. Alisimama akizitazama, mikono imemning'inia. Ndipo Bi Mwanvua akafungua mlango.

Mwanvua ni mjane wa Kiislamu, mtu wa Ujiji kwa asili, na chumba chake kimepakana na chanja zetu. Alituita ndani. Dagaa walikuwa kila mahali: juu ya mkeka, juu ya sanduku la nguo, na kitandani kwake walitandazwa kuanzia kichwani hadi miguuni. Mvua ilipotisha alianua wake, kisha akaingia kwenye chanja za Mama Bonifasi na beseni, akaenda na kurudi mpaka akamaliza. Usiku alilala chini, kwenye khanga. Mimi nilicheka kwa furaha. Mama Bonifasi hakucheka.

"Nani alikutuma?" akauliza.

Mwanvua alidhani hakusikia vizuri. Akajibu kwamba hakutumwa na mtu, mvua ilikuwa inanyesha. Mama Bonifasi akatoka nje bila kugusa kitu.

Nje akanieleza. Amri haimkatazi yeye tu, inamkataza na mtumishi wake, na mgeni aliye malangoni kwake. Kama Mwanvua alimfanyia kazi, basi yeye Esther ndiye aliyefanya kazi, kwa mikono ya mwingine. Hao dagaa walikuwa wa Sabato iliyovunjwa. Nilimwambia asinichoshe. Hakunisikia.

Wiki ile ilikuwa ndefu kwetu sote. Mwanvua aliwatoa dagaa juani akawakausha pamoja na wake, akawatia magunia, akayaweka palepale kitandani kwa kuwa hapana nafasi nyingine. Kila asubuhi Mama Bonifasi alifika, akayachungulia magunia mlangoni, akaondoka kwenda kufagia ufuo ambao hakuna aliyemwomba kuufagia. Alikwenda kwa Mchungaji Samson, naye akamwambia apokee na ashukuru. Akarudi akisema mchungaji amelegea siku hizi. Alhamisi akaniambia ameamua kuyamwaga yote ziwani. Hapo nilishindwa kujizuia. Nilimwambia huo si utakatifu, ni kiburi kilichofungwa kitambaa cha kanisa. Akaninunia.

Ijumaa lori la mteja wa Tabora lilikuwa linapakia. Mama Bonifasi akaja mwaloni anatembea upesi, amebeba doti ya kitenge kipya na sukari, uso umetulia kidogo. Nilielewa mara moja: amepata njia. Nikamfuata mpaka kwa Mwanvua, aliyekuwa akipika ugali mlangoni.

"Dada, nimekuja kukulipa," akasema, akaweka vitu chini. "Nikishakulipa tumemalizana, na mimi nitatubu kwa sehemu yangu."

Mwanvua aliendelea kusonga mpaka ugali ukaiva, akaepua sufuria. Hakukigusa kitenge.

"Mama Bonifasi, nikipokea hiki nitakuwa kibarua wako," akasema. "Na kibarua wako atakuwa amefanya kazi Jumamosi. Ndicho unachotaka?"

Mama Bonifasi akakisogeza kitenge karibu na Mwanvua.

"Mimi si kibarua wako. Niliona mvua, nikaona dagaa. Hukuniomba, kwa hiyo huna cha kunilipa."

Nilimtazama rafiki yangu. Mikono yake ilikwenda kwenye kitenge, ikakiacha, ikakunjua upindo wa khanga, ikaukunja tena. Hapakuwa na kitu pale mlangoni kilichohitaji kufutwa wala kupangwa. Nilimhurumia kwelikweli, hata maneno yangu ya Alhamisi yakaniuma.

"Sasa nifanye nini?" akauliza, na sauti ilikuwa ya mtoto.

"Sema asante. Halafu uyatoe magunia yako, nami nipate kulala kitandani kwangu."

Neno lilipotoka lilikuwa dogo, na lilitoka na machozi, akalia amesimama, pua inamtiririka, bila kujifuta. Mwanvua alimwacha alie. Kisha tukainua magunia, sisi watatu, tukayafikisha mlangoni, na utingo wa lori akaanza kuyapokea.

Jua lilikuwa linaelekea Kongo. Nilidhani ataondoka mbio kwenda kuoga. Badala yake aligeuka, mkono bado uko kwenye mdomo wa gunia la mwisho.

"Dada, na Jumamosi nyingine mvua ikinyesha?"

Mwanvua akachukua mwiko.

"Sijui, mama," akasema. "Nikiamka nitaona."

Mama Bonifasi alimtazama, akingoja kama kuna neno zaidi. Mwanvua alikuwa ameshainama, anapakua ugali, akamsogezea sahani.